Si Kila Gemu ni Adui wa Nyumba

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za mijini siku hizi kuna ugomvi ambao wazee wetu hawakuujua. Baba hurudi kazini jioni akamkuta mtoto ameinamia simu, chakula kimepoa na daftari la hesabu halijafunguliwa. Mama alikwisha mtuma dukani tangu saa kumi na moja, na kila alipomwita alijibiwa, "Namalizia hatua hii tu, mama." Mwishowe simu hunyang'anywa, mtoto hununa, na kesho yake mambo huwa yale yale. Wazazi hudai kwamba gemu zote ni upotevu. Watoto hudai kwamba wazazi hawaelewi kitu.

Mwandishi wa safu hii amecheza michezo ya video kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza katika simu za kawaida, kisha katika vibanda vya mtaani ambako mtoto hulipa ili acheze mechi moja, na hatimaye nyumbani kwake mwenyewe. Basi leo nazungumza nawe kama mchezaji, wala si kama daktari wala mhubiri. Nitaitaja michezo kwa majina na kusema wazi niionavyo. Kipimo changu ni kimoja: je, mchezo huu wamwachia mchezaji uwezo wa kusema "basi", au umetengenezwa makusudi ili neno hilo lisimtoke kinywani?

Wakongwe

Tuanze na wazee wa ukoo. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado, akiwa na kampuni ya Taito, aliunda mchezo uitwao Space Invaders. Viumbe wa angani wamejipanga safu safu, wanashuka polepole, nawe uko chini ukiwafyatulia risasi. Kadiri wanavyopungua ndivyo waliobaki wanavyokwenda mbio. Jambo hilo lilitokana na mashine yenyewe, ambayo iliweza kuwasogeza upesi zaidi kila walipopungua, naye Nishikado akaona vema liachwe hivyo. Huo ulikuwa mchezo wa kutia sarafu, na nia yake ilikuwa kukushinda upesi ili utie nyingine. Sisemi kwamba ulikuwa mtakatifu. Lakini ulikuwa mnyang'anyi wa mchana kweupe: kila sarafu iliutoka mkono wako huku ukiiona, na mfuko ulipokwisha ulikwenda zako.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1980, Toru Iwatani wa kampuni ya Namco alileta Pac-Man, yule duara la manjano lenye mdomo, linalokula vitone huku likifukuzwa na mazimwi wanne. Iwatani alitaka mchezo ambao wanawake nao wangeupenda, si wa risasi tupu. Uzuri wake umo katika tabia za mazimwi hao. Mwekundu hukufuata nyuma. Wa waridi hukutangulia akuvizie mbele. Wa rangi ya machungwa hukujia kisha hukukwepa. Asiyejua huona fujo tu, lakini mchezaji wa bao atanielewa mara moja: huwezi kushinda mpaka uisome nia ya mwenzio. Mchezo huo naupa heshima zote.

Na hapa nitamke bila kupepesa macho: katika yote niliyoijaribu, sijaona uliopita Tetris. Aliubuni Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984, akiwa mtaalamu wa kompyuta katika Chuo cha Sayansi cha Kisovieti. Maumbo saba tu, kila moja la miraba minne, yanaanguka nawe unayapanga yasiache mwanya. Hauna damu, hauna matusi, wala hauhitaji lugha. Bibi na mjukuu waweza kuucheza wakishindana, na bibi akashinda. Aliyeubuni hakupata malipo ya haki kwa miaka mingi. Ni mwaka 1996 ndipo alipoanza kuvuna jasho lake. Kasoro yake ni kwamba hauna mwisho wa ushindi. Unacheza mpaka ushindwe. Mwezi Desemba 2023 mvulana wa miaka 13 huko Marekani aliicheza nakala ya mwaka 1989 ya kampuni ya Nintendo mpaka mashine yenyewe ikakwama, na yasemekana hakuna binadamu aliyewahi kufika hapo kabla yake. Pamoja na kasoro hiyo, Tetris haukuombi kitu ila akili yako.

Nani katika marika yetu asiyemkumbuka nyoka wa Nokia? Aliingizwa katika simu ya Nokia 6110 mwaka 1997 na mhandisi wa Kifini, Taneli Armanto, na baadaye akatufikia hata sisi wa vitochi. Nyoka anakula, anarefuka, mwisho anajing'ata mwenyewe. Hakutaka bando wala mtandao. Dakika mbili za kungojea daladala zilimtosha, basi lilipofika ulimtia mfukoni. Kwa kipimo changu, wachache wamempita, kwa kuwa alijua nafasi yake katika maisha ya mtu.

Sitamsahau Mario. Super Mario Bros. ulitolewa na Nintendo mwaka 1985, na msanifu wake mkuu ni Shigeru Miyamoto. Nausifu kwa sababu moja ambayo walimu wangepaswa kuitazama. Mchezo huanza pasipo maelezo ya maneno. Mario amesimama kushoto, mbele kuna nafasi tupu, hivyo mchezaji huelewa kwamba safari ni ya kulia. Mara anakuja adui mdogo. Usiporuka unakufa, na hasara ni ndogo kwa kuwa ndiyo kwanza umeanza. Hatua chache, umejifunza kuruka, kupiga tofali na kula uyoga, wala hakuna aliyekukemea. Mtoto anayekosea mara kumi bila kutukanwa, na mara ya kumi na moja akafaulu, amepata somo lenye maana hata nje ya mchezo.

Mpira wa kwenye kioo

Sasa twende vibandani. Mfalme wa huko ni kandanda. Kwa muda mrefu falme zilikuwa mbili: ule wa kampuni ya Konami, uliojulikana kama Winning Eleven au Pro Evolution Soccer na ambao tangu mwaka 2021 huitwa eFootball, na ule wa kampuni ya EA, uliozaliwa mwaka 1993 kwa jina la FIFA na ambao mwaka 2023 uliliacha jina hilo ukaitwa EA Sports FC. Vijana wamegombana sana juu ya upi ni bora. Kwa maoni yangu, ule wa Konami wa siku za PlayStation 2 ulikuwa na mpira mtamu zaidi miguuni, ingawa majina ya baadhi ya timu yalikuwa ya kubuni tu.

Mzazi anayeona kijana wake akicheza mpira wa namna hii na mwenzake, bega kwa bega, wakicheka na kutaniana, asiogope. Mechi ina mwanzo na ina mwisho. Filimbi ikilia, mtu huinuka. Aliyefungwa hujifunza kufungwa mbele za watu, na hilo si jambo dogo. Ubaya wa kibanda ni saa za shule na fedha za nauli zinazoishia humo. Hizo ni dhambi za ratiba, si za mpira.

Walakini, ndani ya mpira huo kumeingizwa jambo jingine ambalo nalilaumu waziwazi. Katika sehemu iitwayo Ultimate Team, mchezaji huunda timu yake kwa kufungua pakiti za kadi, na pakiti hizo zaweza kununuliwa kwa fedha halisi. Pakiti imefungwa. Hujui kama ndani mna mshambuliaji wa dunia au mlinzi wa daraja la pili. Ukikosa, unajaribu tena. Mtu mzima yeyote aliyewahi kununua tikiti ya bahati nasibu anaujua moyo huo unaodunda. Serikali ya Ubelgiji iliutambua pia: mwaka 2018 tume yake ya michezo ya kamari iliamua kwamba pakiti za namna hiyo, zikinunuliwa kwa fedha, ni kamari, na Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza fedha zake za kimchezo nchini humo. Kwingineko duniani biashara iliendelea. Kwangu mimi hiyo ni kamari iliyovishwa jezi, na watoto ndio wanaoipenda jezi.

Namba juu ya jalada

Wengi wataniuliza juu ya Grand Theft Auto: San Andreas, mchezo wa mwaka 2004 uliosambaa kila mahali. Mimi ni mtu mzima, na kama mtu mzima nausifu. Waliojenga miji yake walikuwa na subira ya ajabu: mitaa, milima, jangwa, redio za gari zenye muziki na mizaha inayoicheka Marekani yenyewe. Lakini hadithi yake ni ya magenge, mauaji na wizi wa magari, na huko Ulaya jalada lake lina namba 18. Namba hiyo haikuwekwa kama pambo. Mtoto wa miaka tisa ataruka hadithi yote abaki na kuwagonga watembea kwa miguu, kwa kuwa mzaha hauelewi. Kosa si la mtoto, ni la aliyempa.

Kwa mtoto huyo ningempa Minecraft. Mchezo huu ulianzishwa na Msweden Markus Persson, ukatolewa kamili mwaka 2011, na mwaka 2014 kampuni ya Microsoft iliununua pamoja na kampuni yake kwa dola bilioni 2.5. Ni ulimwengu wa miraba, nawe unachimba na kujenga: kibanda, kasri, hata mitambo inayofanya kazi. Mwaka 2012 Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Nairobi, lilianza kuutumia ili wananchi wa kawaida wachore wenyewe viwanja na maeneo ya wazi wanayoyataka mitaani mwao, wakiwemo watu wasiojua kusoma ramani za wahandisi. Hasara yake ni kwamba ujenzi hauna filimbi ya mwisho. Hapo saa ya ukutani iwe mwamuzi.

Tamu isiyo na risasi

Nimeuweka mwisho ule ninaouona mbaya kuliko GTA, nao ni mtamu kwa sura: Candy Crush Saga, wa mwaka 2012. Hauna bunduki, hauna tusi. Ni peremende za rangi tu zinazopangwa tatu tatu. Tena ni wa bure! Lakini wahenga walisema, rahisi ghali. Unapewa roho tano. Ukishindwa, moja inakatika, na kurudi kwake ni baada ya nusu saa. Huna subira? Lipa. Umebakiza hatua moja ushinde? Lipa, uongezewe. Kusubiri kumetengenezwa kuwe kero, kisha dawa ya kero inauzwa. Wengi hawalipi hata senti, hata hivyo mwaka 2016 kampuni yake, King, ilinunuliwa kwa dola bilioni 5.9. Fedha hizo hazikudondoka kutoka mawinguni.

Na sasa niambie, ndugu msomaji, ni nani anayeucheza? Tazama ndani ya daladala, tazama kwenye benchi la hospitali, tazama maofisini saa nane mchana. Si watoto. Ni sisi. Mzazi humnyang'anya mwanawe simu kwa ukali, kisha huketi na hiyo hiyo akipanga peremende mpaka usiku wa manane. Mtoto anaona, na anajifunza kwamba kosa lake ni udogo wa umri tu.

Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya maradhi, inayotumika tangu Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo yote, na kuendelea ijapokuwa madhara anayaona, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima. Msomaji aone kwamba kupenda gemu peke yake si ugonjwa. China nayo, mwaka 2021, iliwawekea vijana wasiotimiza miaka 18 saa moja tu ya gemu za mtandaoni Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sidhani kama nyumba zetu zahitaji polisi. Zahitaji mzazi anayejua kinachochezwa.

Kwa hiyo natoa rai. Kwanza, namba ya siri ya fedha za simu isijulikane na mtoto, wala asikabidhiwe simu yenye fedha pasipo mtu wa kumwangalia. Pili, usimkatishe mtoto katikati ya mechi. Mwambie, "Hii ndiyo ya mwisho," kisha simamia neno lako. Tatu, soma namba ya umri iliyo juu ya jalada kabla hujanunua. Nne, na hili ndilo kubwa, keti karibu naye jioni moja umwambie akufundishe. Utafungwa mabao matano, utachekwa, nawe katika nusu saa hiyo utajua mengi juu ya mchezo huo kuliko utakayoyajua kwa mwaka mzima wa kugombeza kutoka jikoni.

Na wewe mwenyewe, ukiwa na peremende zako mfukoni, jaribu usiku wa leo kusema "basi" kabla roho ya tano haijakatika. Ukiona vigumu, utakuwa umeanza kumwelewa mwanao.