Watumishi Hewa Wamehamia Kwenye Kompyuta

Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza watumishi hewa wasakwe, na majina zaidi ya 10,000 yakafutwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Tulipiga makofi. Kisha tukarudi kulala.

Amka, ndugu yangu! Watumishi hewa wamehamia kwenye kompyuta zetu, na safari hii aliyewaajiri ni wewe.

Mgeni akilipia safari ya Serengeti saa nane usiku, nani anapeleka taarifa benki? Nani anaandika risiti? Nani ananakili data alfajiri? Wewe unakoroma. Kazi hiyo inafanywa na akaunti za mashine. Zina majina, zina nywila, zina ruhusa ya kuingia hadi chumbani. Hazigomi wala haziombi likizo, ndiyo maana hakuna anayezikumbuka.

Nilikaa katika ofisi moja ya utalii hapa Arusha, tukafungua orodha ya akaunti za mfumo wao. Ya tatu kutoka juu iliitwa "test2".

Ya nani hii? Mkurugenzi akamtazama mhasibu. Mhasibu akamtazama dada wa mapokezi. Kimya.

Iliundwa na kijana wa IT aliyeacha kazi miaka minne nyuma. Ilikuwa na ruhusa zote: kusoma pasipoti za wageni, kubadili bei, kufuta kila kitu. Nywila yake iliandikwa waziwazi ndani ya programu, na haikuwahi kubadilishwa. Kijana alipoondoka walimnyang'anya ufunguo wa geti. Wa geti!

Kikulacho ki nguoni mwako.

Usiniambie kampuni yako ni ndogo. Toyota, hao hao wa Land Cruiser zinazopanda Ngorongoro kila asubuhi, si wadogo. Desemba 2017 mkandarasi wao alianika mtandaoni programu yenye ufunguo wa seva ndani yake. Ulikaa hadharani karibu miaka mitano, mpaka Septemba 2022. Anwani za barua pepe za wateja zaidi ya 296,000 zikawa wazi kwa yeyote mwenye nia mbaya. Ufunguo mmoja tu! Wewe una kinga gani?

Na siku data za wageni zikivuja, nani atajibu? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshaanza kazi. Utasimama mbele ya Tume inayoisimamia sheria hiyo useme mkosaji ni "test2"? Mgeni aliyeibiwa atarudi? Wakala wake wa Ulaya atakutumia mwingine? Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mkulima wa kahawa kule Poli au Akheri hamwachii kibarua wa msimu ufunguo wa ghala. Mavuno yakiisha, ufunguo unarudi. Bibi ambaye hajawahi kugusa kompyuta analijua hilo. Sisi wenye vyeti ukutani linatushinda nini?

Kila akaunti ya mashine iwe na mwenyewe: mtu mwenye jina, anayepokea simu. Ipewe kazi moja, na ruhusa ya kazi hiyo tu. Nywila zitolewe ndani ya programu, zifungiwe mahali pa siri, zibadilishwe kwa ratiba. Kila akaunti iandikiwe tarehe yake ya kufa siku ileile inapozaliwa. Na mtu akiacha kazi, funguo zake zifungwe kabla hajafika stendi.

Hakuna mtambo wa mamilioni hapo. Ni daftari, ni saa chache, ni aibu kidogo ya kukiri kwamba tulizembea.

"Test2" tuliifunga jioni ileile. Tukasubiri kitu kisimame. Malipo yakaendelea, risiti zikatoka, barua pepe zikafika. Miaka minne haikuwa na kazi yoyote. Ilikuwa mlango tu, ulio wazi usiku na mchana.

Ya kwako inaitwaje?