Takwa Haikufa

Usikubali, ewe msomaji, kuambiwa kwamba Takwa, kijiji cha kale kisiwani Manda, ni magofu matupu. Kweli wenyeji walihama katika karne ya 17, wakavuka maji wakakaa Shela. Lakini kaburi lenye nguzo, lililoandikwa miaka ya 1680, hawakulitupa. Mara mbili kwa mwaka watu wa Shela hulirudia kuomba mvua. Basi yawaje tumsifu alindaye mawe, na aombaye penye mawe hayo tumcheke kuwa mjinga? Ukuta ukibomoka, chokaa ipo. Dua ikikatika kizazi kimoja, fundi gani ataiunga? Mwalimu wako akipanga safari ya Takwa, mwombe awaulize kwanza wazee wa Shela siku ya dua ni lini.