Mlevi wa Uwanja wa Ndege

Tuache uongo jamani. Katika hadithi tunazoandika sisi vijana, mtu akirudishwa kutoka mamtoni lazima awe mlevi aliyekula ada ya mzee. Ukurasa wa tatu anashuka kwenye ndege na begi la mkononi, ukurasa wa nne mama anazimia. Kwisha! Mimi nasema huo ni uvivu wa kalamu, tena ni uonevu.

Chukua Australia. Visa ya mwanafunzi kule ina sharti namba 8202: uwe umeandikishwa katika kozi iliyosajiliwa, ya ngazi ileile uliyopewa visa au ya juu zaidi, na masomo yako yaende vizuri. Ukilisoma harakaharaka unaona ni haki tupu. Umeomba kusoma, soma! Sibishi. Wapo wanaokwenda kubeba boksi tu huku wakijua wanachofanya, na mimi si wakili wao.

Lakini hebu fuata pesa. Kuomba visa hiyo kulikuwa dola 710 za kwao. Julai 2024 zikawa 1,600, Julai 2025 zikawa 2,000. Karo ni juu yako. Kazi je? Masomo yakiendelea, mwisho saa 48 kwa wiki mbili. Haya, mzee kastaafu, shilingi imeshuka, muhula unaanza. Hapo ndipo anapotokea wakala, ambaye kwa miaka mingi kamisheni yake ilitoka vyuoni, anamnong'oneza: dogo, hamia chuo cha bei poa, kasome cheti cha upishi. Kijana aliyepewa visa ya digrii anahama, anashukuru Mungu, kumbe ameshuka ngazi na sharti limevunjika. Ana darasa, anahudhuria kila siku, na bado ni mkosaji! Anayebaki palepale bila karo, chuo kinamfutia uandikishaji na kumripoti serikalini kwa kompyuta. Chuo hichohicho kilichompokea kwa vipeperushi vya rangi. Kabla ya hapo ana siku 20 za kazi za kulalamika ndani ya chuo, kama kuna aliyemwambia.

Sasa sikilizeni, enyi wenye kalamu. Kifungu cha 116 cha Sheria ya Uhamiaji ya 1958 kinasema waziri anaweza kufuta visa. Anaweza! Hakisemi kwamba kila aliyevunja 8202 lazima afutiwe. Hadi 2013 visa ya aina hii iliweza kujifia yenyewe siku 28 baada ya notisi. Siku hizi mtu anaulizwa kwanza ajieleze. Kwa hiyo usiku fulani, baada ya zamu ya kuosha vyombo, kijana wetu anakaa kitandani aandike kwa Kiingereza ni kwa nini asifukuzwe: msiba wa nyumbani, homa, benki, aibu ya kumwambia baba. Insha gani nyingine mtu huandika ambayo hatima yake yote imo ndani? Na wengi, badala ya kuandika yao, hununua barua ya kunakili kwa wakala yuleyule aliyewaponza.

Hadithi ndiyo hiyo, na hakuna kati yetu aliyeigusa. Tunaona raha kumchapa aliyeanguka kwa sababu majirani nao wanamchapa.

Mhariri, toleo lijalo nitengee kurasa mbili. Na atakayekuletea tena mlevi wa uwanja wa ndege, mrudishie karatasi zake.