Chumvi ya Tiwi ipimwe kabla ya ukame ujao

Karibu maji yote ya mfereji wa Mombasa hutoka nje ya kaunti: Mzima huko Tsavo Magharibi, Baricho kando ya Sabaki, Marere kwenye msitu wa Shimba Hills na visima vya Tiwi, Kwale. Tunaambiwa mabadiliko ya tabianchi yatapunguza maji. Sawa, lakini ya wapi, na kwa njia gani? Vyanzo hivi havitaugua ugonjwa mmoja.

Mzima hunyweshwa na vilima vya Chyulu. Mvua huzama kwenye mawe ya volkano, ikapita chini kwa chini hadi chemchemini. Ukame wa leo huenda ukaonekana huko baadaye, wakati watu wameshausahau. Baricho ni kinyume: visima vimekaa ubavuni mwa mto, mto wenyewe ukikauka ni shida, ukifurika kama ulivyofurika mwishoni mwa 2023 ni shida nyingine. Tena maji yake husukumwa kwa umeme.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni Tiwi, kwa sababu ndiko Likoni inakotazama. Pale maji baridi yamelalia juu ya maji ya bahari. Ukivuta kupita kiasi msimu ambao masika yamekosa, chumvi hupanda, na vuli moja nzuri haitoshi kuiondoa. Mama wa Timbwani, huko Likoni, hahitaji mtaalamu kumweleza: maji ya kisima chake sabuni haitoi povu, na chai ukiionja utadhani ni mchuzi. Ndiyo maana mitungi ya njano inasubiri mkokoteni wa muuza maji.

Wakubwa hujibu kwa neno moja, Mwache. Bwawa hilo la Kwale tunalihitaji, ila nalo litategemea mvua ileile, na mmomonyoko huko juu usipozuiwa litajaa tope. Lisihesabiwe kama maji yaliyokwisha kufika.

Kampuni ya maji na wakala wa maji wa Pwani wapime kila chanzo kivyake: masika yakikosa miaka miwili mfululizo, kinabaki na nini? Vipimo vya chumvi ya Tiwi vitangazwe kila mwezi. Mabomba yanayovuja yazibwe sasa, maana hayo hayangoji mkopo wa bwawa. Na ratiba ya mgao ibandikwe kwa chifu wa Timbwani, pamoja na siku ambazo Tiwi italazimika kupumzishwa.