Kwanza Wasome, Ndipo Waseme: Kosa Linalovaa Joho la Busara

Imani inayostahili kupingwa hapa ni ile isemayo kwamba kijana wa miaka 12 hadi 15 hana maoni juu ya kitabu, bali ana ufahamu tu, yaani uwezo wa kurudia kwa usahihi kile ambacho mwandishi amekisema, na kwamba maoni yenyewe, kwa maana ya hukumu ambayo mtu huitoa na kuitetea kwa sababu, ni kitu cha kungojewa mpaka akili ikomae na vitabu vingi viwe vimepita mikononi. Imani hii haina mwenyewe. Husikika Bukavu na Bunyakiri kama inavyosikika Mombasa na Morogoro, hutamkwa na mzazi aliyesoma na asiyesoma, na kwa kuwa huvaa joho la busara, ni nadra mtu kuuliza imetoka wapi au inawagharimu nini wale inaodai kuwalea.

Bunyakiri ni mahali pazuri pa kuipimia, kwa sababu huko hoja zake zote huonekana kuwa na nguvu. Mji huo mdogo wa teritwari ya Kalehe, katika jimbo la Kivu ya Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uko kwenye barabara itokayo Bukavu, ikapenya msitu wa hifadhi ya Kahuzi-Biega na kuendelea hadi Hombo na Walikale. Wakazi wake wengi ni Batembo, ambao nyumbani husema Kitembo, sokoni na kanisani hutumia Kiswahili, na shuleni hutakiwa kujieleza kwa Kifaransa. Vita vya tangu miaka ya 1990 vimepita humo mara nyingi, na hata kabla Bukavu haijaingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa Februari 2025, kitabu cha hadithi, kisicho cha kiada wala cha ibada, kilikuwa kitu adimu katika vijiji vya ng'ambo ya msitu. Mwalimu mwenye nakala moja huinakili ubaoni, wanafunzi huinakili daftarini, na kipindi huisha pale chaki inapoishia. Katika hali hiyo, watetezi wa ukimya husema, kuna haja gani ya kumwuliza mtoto anaonaje, ilhali hajapata hata cha kuona?

Jibu ni kwamba uhaba wa vitabu ndio unaoyafanya maoni yawe ya lazima. Penye maktaba iliyojaa, msomaji aliyekichoka kitabu kimoja hukirudisha rafuni na kuchukua kingine, na kwa namna hiyo huhukumu kwa miguu bila kufungua kinywa. Penye nakala moja kwa darasa zima, hakuna rafu ya kukimbilia, na njia pekee ya kupata vitabu vingi katika kimoja ni kusikia jinsi wengine walivyokisoma. Msichana anayemlaumu mhusika kwa kuondoka nyumbani na mvulana anayemsifu kwa tendo hilohilo wamekwisha kuzigeuza kurasa 40 zilezile kuwa hadithi mbili zinazogombana, na mwanafunzi wa tatu anayewasikiliza hulazimika kurudi kwenye maneno ya mwandishi ili kuamua nani ana haki. Kule kurudi kwenye maneno ndiko kusoma. Anayesema kwamba maoni yangojee usomaji mwingi amekigeuza kichwa kuwa mkia, kwa maana maoni ndiyo humfanya msomaji afungue ukurasa kwa mara ya pili.

Hoja ya pili, ambayo hutolewa kwa sauti nzito zaidi, ni ya mila: inadaiwa kwamba katika jamii za Kivu mtoto hukaa, husikia na hunyamaza, na kwamba kumfundisha kuhukumu kazi ya mtu mzima ni kumfundisha ujeuri. Heshima kwa wazee ni jambo la kweli, wala hakuna anayelidharau. Lakini wanaoitaja mila wangefanya vyema kuutazama kwanza urithi wa majirani wa karibu wa Batembo, nao ni Wanyanga wa Walikale, ambao utendi wao mkubwa wa Mwindo ulisimuliwa mwaka 1956 na mtambaji Rureke mbele ya mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck, ukachapishwa mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na mwanaisimu Mkongo Kahombo Mateene. Utendi wa aina hiyo, ambao Wanyanga huuita karisi, haukutolewa kwa hadhira iliyofunga midomo: mtambaji aliimba, akacheza na kuigiza, watu wazima na vijana wakaitikia viitikio, wakampigia mdundo, wakamtunza zawadi na kumtia moyo pale alipowagusa. Kile kiitikio na ile zawadi iliyotolewa hapohapo vilikuwa ni hukumu, na mtambaji aliyeona hadhira yake imepoa alijua kwamba amehukumiwa.

Na shujaa wa utendi huo ni nani? Ni mtoto. Shemwindo, baba yake, amekataza wake zake wasizae mwana wa kiume. Mwindo huzaliwa akiwa tayari anatembea na kusema, baba hujaribu kumwua, na sehemu kubwa ya kisa humwonyesha mtoto huyo akimfuatia baba yake mpaka kuzimu ili amjibu, kisha wapatane na kugawana ufalme. Ni kweli kwamba baadaye Mwindo hupelekwa mbinguni na kurudiwa kwa sababu ya majivuno yake, na msomaji wa upande wa pili anaweza kukishika kipande hicho kama ushahidi wake. Ila anachoonywa shujaa ni kiburi na kuua kusiko na haki. Utendi haumwadhibu popote kwa kuwa alimjibu mkubwa wake. Ukimya unaopachikwa jina la mila umefanana zaidi na darasa la enzi ya Wabelgiji, ambamo sauti iliyotakiwa kutoka kinywani mwa mtoto ilikuwa ni mwangwi wa somo, kuliko na uwanja wa mtambaji.

Inabaki hoja ya uwezo: eti mtoto atasema nini cha maana? Historia ya vitabu ina majibu kadhaa, na mengine yanachekesha. Mwaka 1936 mchapishaji wa London, Stanley Unwin, alimpa mwanawe Rayner, aliyekuwa na umri wa miaka 10, mswada wa The Hobbit wa J. R. R. Tolkien ili autolee maoni, kazi ambayo alimlipa shilingi moja. Kijana akaupendekeza, akiongeza kwamba utawafaa watoto wa miaka 5 hadi 9, kana kwamba yeye mwenyewe amekwisha kuwa mzee wa kutosha kuwafikiria watoto, na kitabu kikatoka mwaka 1937. Alikosea umri wa wasomaji, kwani watu wazima wanaendelea kukisoma mpaka leo, lakini hakukosea thamani ya kitabu. Huko Kongo kwenyewe, Zamenga Batukezanga, aliyefariki mwaka 2000, alikuwa miongoni mwa waandishi waliosomwa zaidi na vijana wa nchi hiyo katika miaka ambayo wasomi wengi waliubeza wepesi wa Kifaransa chake, na leo wasomi wanaotaka kueleza usomaji wa Wakongo hawana budi kuanza na mwandishi ambaye wanafunzi waliwatangulia kumchagua. Kuhusu L'Enfant noir ya Camara Laye, riwaya ya mwaka 1953 ambayo shule nyingi za Afrika itumiayo Kifaransa hufundisha kama kitabu kisicho na dosari, aliyeishambulia vikali kwa kuufumbia macho ukoloni alikuwa kijana wa Kameruni aliyekuja kujulikana kwa jina la Mongo Beti, naye aliyasema hayo akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu tu. Si lazima kukubaliana naye. Jambo la ajabu ni kwamba mwanafunzi hupewa riwaya ile kama mlima uliotulia, bila kuambiwa kamwe kwamba iliwahi kupiganiwa.

Shule yenyewe hujikwaa kwenye imani hii kuliko mahali pengine popote. Mwanafunzi wa darasa la 7 na la 8 la elimu ya msingi, ambaye kwa kawaida ana miaka 12 hadi 14, hufundishwa kutoa muhtasari, kutaja wahusika na kuchagua jibu moja kati ya kadhaa yaliyokwisha kuandikwa, kwa maana mitihani ya nchi imejengwa sana juu ya uchaguzi wa namna hiyo. Kisha, akiwa anamaliza sekondari, katika sehemu ya Mtihani wa Dola inayotangulia siku kuu za mtihani, huwekewa karatasi tupu na kutakiwa kuandika dissertation, yaani insha ya hoja ambamo mwandishi huchukua msimamo, huupima dhidi ya msimamo ulio kinyume na kuutetea kwa mifano, tena kwa Kifaransa, na kuna pia mtihani wa kusema Kifaransa kwa mdomo. Kile alichozuiwa kukifanya kwa miaka yote ya ujana wake, kwa sababu hakuwa amekomaa, sasa anapimwa kwacho kana kwamba ukomavu huota usiku wa kuamkia mtihani kama uyoga. Walimu hulalamika kwamba watahiniwa hukariri utangulizi na hitimisho walizonunua kwenye fotokopi. Wangekariri nini kingine?

Kuna pia suala la lugha, ambalo watetezi wa ukimya hawalitaji kwa sababu wamelizoea. Kijana wa Bunyakiri anapoulizwa kwa Kifaransa anakionaje kitabu, hujibu kwa Kifaransa alicho nacho, nacho mara nyingi kinatosha kusema c'est bon na kunyamaza. Mwalimu husikia maneno mawili na kuhitimisha kwamba mawazo nayo ni mawili. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa na za mazingira zitumike shuleni, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba ya 2006. Kahombo Mateene, yuleyule wa utendi wa Mwindo, alikuja kuongoza mjini Kampala ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na alitumia miaka mingi kutetea lugha za Afrika katika elimu. Kijana akiruhusiwa kugombana na kitabu cha Kifaransa kwa Kiswahili au kwa Kitembo, ndipo atakapojulikana kama hana la kusema, au kama alikuwa amenyimwa cha kulisemea.

Haifai kujidanganya, hata hivyo, kwamba kila neno la kijana ni lulu. Maoni mengi ya umri huo ni mafupi na ya kuigana. Anayependwa darasani akisema kitabu kinachosha, wanane humfuata. Udhaifu huo ni wa kweli, na dawa yake ni swali dogo la "kwa nini?" likifuatiwa na lingine la "wapi kitabuni?", kwa sababu anayetakiwa kuonyesha ukurasa hawezi kuendelea kujificha nyuma ya mwenzake. Tahadhari nyingine ni nzito zaidi. Katika eneo ambalo watoto wengi wamewahi kulala porini, maoni juu ya kitabu yasigeuzwe kuwa njia ya kumchokonoa mtoto aeleze yaliyompata. Msomaji wa Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya ya mwaka 1996 inayomfuata kijana Kongowea kutoka Tanga hadi Kenya akimtafuta baba asiyemjua, anaweza kusema mengi juu ya njia, njaa na wageni waliomsaidia au kumdhulumu Kongowea, na yote hayo akayasema juu ya Kongowea tu, bila kutamka neno moja juu yake mwenyewe. Ngao hiyo ni mojawapo ya vitu ambavyo hadithi humpa mtu. Asiyeielewa asishike kipindi hicho.

Kwa shule yenye nakala moja, kazi yenyewe haihitaji mfadhili wala jengo. Mwalimu husoma kwa sauti sura moja, huufunga mlango wa hadithi kabla haijafika mwisho, huuliza nani amekosea na kwa nini, kisha huugawa ubao mara mbili na kuandika kila upande hoja za wanafunzi kwa maneno yao wenyewe, Kifaransa kikisubiri zamu yake hadi kipindi cha kesho, pale hoja hizohizo zitakapotafutiwa maneno mapya. Na ikiwa jibu la kwanza litatoka nyuma ya darasa, kwa sauti ndogo na kwa Kitembo, likisema kwamba mwandishi ndiye aliyekosea, chaki haina sababu ya kusita.