KINGEREZA CHA CHAKULA: TUACHIWE KUJIBU "NO"



Katika Kingereza somo la chakula linafika mapema sana. Mwalimu anauliza: "What did you have for breakfast?" Nasi tunajibu wote pamoja, sawa vile kitabu kinavyosema: "I had bread and eggs." Nani kati yetu alikula mkate na mayai asubuhi ile? Wengine walikula kiporo cha bugali, wengine viazi, na wengine walifika masomo na tumbo wazi. Sarufi ni nzuri, pointi zinatolewa, lakini jibu ni uongo. Sisi tunaona ya kwamba uongo huo unaharibu hata sarufi yenyewe.

Tuangalie kidogo. Kwa Kiswahili sauti tu inatosha: "Umekula?" Kwa Kifaransa tunatanguliza "est-ce que". Kingereza kinatafuta kijineno "do", na kwa mambo ya jana "did". Basi "did" ikiisha kubeba wakati uliopita, "eat" haiubebi tena: "Did you eat?", hapana "Did you ate?" (Wanaochukia hiyo "do" wajue kwamba zamani Waingereza wenyewe waliweza kuiacha. Wakati wa Shakespeare, aliyekufa mwaka 1616, maulizo ya namna zote mbili yalikuwa yangali yanasikiwa.)

Tena kwetu mtu anauliza, "Ulikunywa chai?", akitaka kujua kama ulikula asubuhi. Ukimwuliza Mwingereza "Did you drink tea?" atafikiri kikombe tu. Sema "Did you have breakfast?", wala si "take the breakfast" kama Kifaransa kinavyotusukuma. Na mtu akikukaribisha, "Would you like some fish?", usijibu "Thank you" peke yake kama "merci" ya kukataa. Sema "Yes, please" ao "No, thank you", ijulikane.

Lakini neno kubwa ni hili. Ukiulizwa kwa Kiswahili, "Haukukula?", na kweli haukukula, unajibu "Ndiyo", ni kusema: ndiyo, ni vile unavyosema. Kingereza hakifuati maneno ya mwenye kuuliza, kinafuata jambo lenyewe. "Didn't you eat?" Kama haukukula, jibu ni "No, I didn't." Kama ulikula, "Yes, I did", pale Mfaransa angesema "si". Tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wageni wa Uganda na Kenya wanapita kwetu. Mwenzetu mwenye njaa akimjibu mgeni "Yes", mgeni atafahamu ya kwamba amekwisha kula, na sahani itapita mbele yake. Atalala njaa juu ya neno moja!

Na juu ya nini tunakosa hapo kila mara? Ni kwa sababu katika mazoezi yetu kila mtu amekula. Hakuna mtu anayekosa kitu. Tutajuaje kusema "There isn't any fufu today" ao "I didn't have anything", kama sahani za kitabu zimejaa siku zote?

Mwalimu mmoja alitujibu kwamba kuuliza hivyo mbele ya darasa kutawapatisha wengine haya. Ana haki, na wenye kuchekelea viazi vya mwenzao wapo, tunawajua. Basi kila mtu aandike jibu lake katika daftari, lisisomwe kwa sauti. Ao tuulizane juu ya watu wengine: "What does your grandmother cook?" "Does she put palm oil in it?" Hapo ndipo "does" inaingia vizuri, tena bila haya.

Tunaomba walimu wetu wa Kingereza wafanye hivi hata kwa interogasyo moja tu: "No, I didn't" ipate pointi zote sawa na mayai. Sombe tutaiita "cassava leaves", sambaza "small fish". Fufu tuiache vile ilivyo, Waingereza wamekwisha kuiandika katika diksionere yao.