Mtoto Ale Kwanza, DNA Baadaye



Leo tumekasirika na hatutoficha. Kuna neno limekuwa tamu midomoni mwa wanaume: "Nikapime kwanza, ndipo nitoe matumizi." Linasemwa barazani, linatumwa kwa sauti ya WhatsApp usiku wa manane, na likishasemwa, maziwa ya mtoto husimama.

Mwenzetu mmoja wa hapa Unguja aliolewa Urambo, mkoa wa Tabora, kule kwenye tumbaku na asali, njia ya reli iendayo Kigoma. Mumewe ni mtu wa biashara, anazunguka vijijini wiki tatu, nyumbani wiki moja. Alijifungua mwezi wa saba tangu ndoa. Mawifi wakahesabu kwa vidole. Mtoto naye katoka mweupe kuliko baba yake. Basi, ikatosha! Mume akasema hana uhakika, akakata pesa ya chakula.

Tuanze na hivyo vidole. Wanazuoni walishahesabu zamani kuliko mawifi. Sura ya Al-Ahqaf inataja miezi thelathini ya mimba na kunyonyesha pamoja, na Sura ya Luqman inataja miaka miwili ya kunyonyesha. Toa, utabakiwa na miezi sita. Ndiyo maana mafakihi wakasema mimba huweza kuwa ya miezi sita, na mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa baada ya muda huo ni wa mume. Miezi saba si kashfa.

Na rangi? Bedui mmoja alimwendea Mtume (SAW) analalamika kuwa mkewe kazaa mtoto mweusi. Mtume akamuuliza habari za ngamia wake wana rangi gani, na kama hamna mwenye rangi tofauti na wenzake. Yumo. Katoka wapi? Labda ni asili ya zamani imemvuta, akajibu bedui mwenyewe. Basi na mwanao huenda ni hivyo hivyo. Mtume hakumpa ruhusa ya kumkana.

Safari ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, tena isemwe Urambo! Mirambo, ambaye mji umebeba jina lake, alifariki mwaka 1884. Enzi zake wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe mpaka Bagamoyo, wengine wakavuka mpaka hapa Unguja, miezi na miezi hawajaonana na wake zao. Kama safari ya mume ingekuwa ushahidi wa zinaa, Unyamwezi mzima usingekuwa na mtoto mwenye baba.

Mtatuambia: na wanawake wanaodanganya je? Wapo. Kumwingiza katika ukoo mtoto asiyekuwa wao ni dhambi nzito, na mwanamke anayelijua hilo moyoni mwake asijifiche nyuma ya maneno yetu haya. Lakini mume mwenye shaka ya kweli amewekewa njia, nayo inaitwa lian, katika Sura ya An-Nur. Anasimama mbele ya kadhi, anaapa mara nne, ya tano anajiombea laana ya Allah ikiwa ni muongo. Mke naye anaapa. Wakimaliza, ndoa imevunjika, hawarudiani, mtoto hunasibishwa na mama yake, wala hakuna ruhusa ya kumwita mama huyo mzinifu. Tena kwa Imam Shafii halingojewi: anakana mara tu anapojua. Aliyekwisha pokea pongezi kwa furaha na kuchinja akika, halafu mwaka wa pili, baada ya kugombana kwa jambo jingine, anasema "si wangu", huyo kachelewa. Bwana, huna ujasiri wa kuapa, lakini una ujasiri wa kumnyima mtoto uji?

Kuhusu DNA, sisi hatuipingi. Lakini si kukata unywele wa mtoto kwa siri ukaupeleka dirishani. Bara kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Kipimo ni cha maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia mahakamani, ustawi wa jamii au kwa wakili. Na zile takwimu mnazotumiana, kwamba watoto wengi waliopimwa hawakuwa wa baba waliotajwa, zinahusu watu waliokwisha fika kwenye ugomvi. Huwezi kuhesabu wagonjwa wodini ukasema mji mzima unaumwa.

Wakati kipimo kinasubiriwa, nani analisha? Baba wa ndoa. Sura ya Al-Baqara imeweka chakula na mavazi juu ya baba, kwa kadiri ya uwezo wake. Hind, mke wa Abu Sufyan, aliposhitaki ubahili wa mumewe, aliruhusiwa achukue kwa wema cha kumtosha yeye na wanawe. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inamtaka baba atunze watoto wake hata wakiwa mikononi mwa mwengine, kwa hiyo talaka haifuti deni hili.

Na aliyezaa nje ya ndoa asidhani kuwa hana pa kwenda. Ilikuwapo bara sheria ya kikoloni iliyoweka matunzo ya mtoto kama huyo yasizidi shilingi 100 kwa mwezi. Iliendelea kuwapo mpaka Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipoifuta. Sasa mahakama hutazama jina katika cheti cha kuzaliwa, kumkubali mtoto mbele za watu, DNA, na hata kukataa kupimwa.

Kwa hiyo bibi harusi, usimtumie mume voisi za kulia. Weka cheti cha ndoa na cha mtoto mahali unapopajua wewe. Nenda baraza la usuluhishi la BAKWATA au kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, ukiwa na mzee mmoja wa upande wako.

Mwenzetu wa Urambo hajaenda bado, anaona haya. Mtoto ana miezi mitano sasa, na pesa ya maziwa anaituma babu yake kutoka huku Unguja, kila Ijumaa.